Hotuba ya Kuzindua Geji ya Turbo kwenye Gari la Wagonjwa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa hafla hii, ambaye ni mimi, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye baada ya yule wa kwanza kupata udhuru ni mimi pia, Daktari Mkuu, wajumbe wa Kamati ya Geji na wajumbe wa Kamati Ndogo ya Tundu la Kupitishia Mpira wa Geji, manesi, fundi wetu, dereva wetu, ambaye nitamfikia, wagonjwa mliokuja kwa miguu na mliobebwa pamoja na vitanda vyenu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama kuna niliyemsahau basi ajihesabu nimemtaja. (Makofi. Mgonjwa mwenye plasta mkononi anajipiga paja.)

Nasimama nyuma ya meza iliyopambwa maua katika chombo cha chuma king'aacho, chenye umbo la konokono, ambacho kila nikikitazama maneno yananijia yenyewe, kwa hiyo mtanivumilia. (Mguno.)

Ndugu wananchi, gari letu la wagonjwa ni la turbo, na hilo limeandikwa ubavuni kwa herufi nyekundu, maana yake, kwa mujibu wa fundi, ndani kuna kifaa kinachosukumia hewa kwenye injini ili ipate nguvu. Lakini tathmini shirikishi tuliyoifanya kwa miezi kumi na minne imebaini kwamba kwenye kilima cha hapo getini gari hilo linapitwa na mzee anayekokota mkokoteni wa magodoro, na wiki iliyopita mgonjwa wa tumbo alishuka, akatembea, akaandikishwa mapokezi, akapimwa, akapewa dawa, na alipotoka akalikuta gari liko kona ya pili. (Kicheko. Sauti ya mgonjwa huyo: “Nilipewa na lifti ya kurudi, kwenye mkokoteni.”)

Serikali yangu, nikimaanisha ofisi yangu, haikulala. Fundi alituandikia mara tatu akidai kuna kitu kinakosekana kwenye injini. Tukaunda timu ya wataalamu kumi na moja, tukafanya semina elekezi, tukafanya fisibiliti, yaani upembuzi yakinifu, tukaoanisha mikakati, na tukabaini kisayansi kwamba kinachokosekana ni geji. (Makofi. Fundi anaweka kofia usoni.)

Geji hii, mabibi na mabwana, ni kama saa ndogo yenye mshale mmoja. Imefungwa mbele ya dereva, na nyuma yake kuna mpira mwembamba uliopita kwenye tundu, tundu ambalo peke yake lilichukua vikao sita, mpaka kwenye injini, ili hewa ikisukumwa, mshale upande juu. Fundi alitaka kunieleza kwamba geji haiongezi nguvu, inaonyesha tu. Nikamwambia, kijana, hayo ni mawazo hasi. Tunatarajia ufanisi wa asilimia mia moja na arobaini, na hiyo ni kwa makadirio ya chini, kwa sababu ya juu niliyakadiria mwenyewe nikaona aibu.

Sasa nimfikie dereva.

Huyu bwana anaendesha gari hilo mwaka wa kumi na saba, na mimi sina ugomvi naye, ila ofisi yangu inamtuhumu kwa ulegevu wa mguu wa kulia. Mfukoni nina barua, imeshasainiwa, inayomhamishia kwenye kitengo cha kufyeka majani. Lakini mimi ni mtu wa haki. Mshale ukipanda, barua naichana hapa hapa. Usipopanda, fyekeo liko pale limeegemea ukuta. (Mke wa dereva, mshonaji wa mashuka ya wodi, anasimama: “Mheshimiwa, baba watoto wangu ana soli ya kiatu imeisha mguu mmoja tu, wa kulia. Angekuwa hakanyagi ingeishaje?”) Mama, hoja yako imepokelewa, itaundiwa kamati, keti.

Dereva, washa. Kanyaga. (Injini inanguruma. Moshi unafunika safu ya manesi.) Fundi, mshale uko wapi? (“Sifuri, Mheshimiwa.”) Kanyaga zaidi. (Dereva: “Mzee, nimefika kwenye zulia, nikiongeza natokea chini.”) Fundi? (“Sifuri, Mheshimiwa. Na hata tukikanyaga mpaka wiki ijayo.”)

Basi mmejionea. Geji inafanya kazi, mguu haufanyi. Mradi umefanikiwa kwa kiwango kisichopimika, na nikisema mshale, mnajibu juu. Mshale? (“Sifuri.”) Hewa? (“Sifuri.”) Maendeleo? (Kicheko kirefu.)

Nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru mke wangu kwa koti hili. Nawashukuru wagonjwa kwa kuahirisha matibabu. Na kwa namna ya pekee namshukuru shemeji yangu, mtunza stoo, aliyetupatia chombo hiki cha maua, ambacho mwaka juzi alikifungua yeye mwenyewe kutoka kwenye injini ya gari hilihili kikasafishwe, na kwa kuwa kilisuguliwa kikang'aa kiasi kile, tukakubaliana kwamba ingekuwa ukatili kukirudisha kwenye masizi. Ahsanteni sana.

(Fundi anavua kofia. Dereva anazima gari, anapanda jukwaani taratibu, anayatoa maua yote, anamkabidhi Mheshimiwa ayashike, anamwaga maji na kukipachika chombo kwapani. “Samahani, mzee,” anasema, “hiki ndicho kilichokuwa kinasukuma hewa. Kesho tukikirudisha utauona mshale.” Anashuka. Mkewe amekwisha kulichukua fyekeo ukutani, na anatembea nalo katikati ya viti, akiulizia mtunza stoo ameketi wapi. Makofi ya muda mrefu.)