Kamati ya Harusi Irudi Kazini

Malmö, Uswidi

Mzee Chenge,
Mwenyekiti wa Kamati ya Harusi ya Machibya na Felicitas,
Usagara.

Shikamoo Mzee. Mimi, bwana harusi wenu wa mwaka juzi, ni mzima. Najua kamati ilivunjwa siku ile tuliporudisha viti na masufuria ya kukodi, lakini naomba kwa heshima zote iitishwe tena kwa dharura. Tangu nimfuate mke wangu huku kwenye kazi yake ya uuguzi, ndoa iko taabani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Pale ukumbini, mbele ya watu mia tatu, mliniahidi kwamba sasa nitakula vya moto. Ni kweli, vya moto nakula. Ila navipika mwenyewe, maana Felicitas yuko wodini na mimi darasa la lugha linaisha saa sita.

2. Vikombe sabini na viwili mlivyotuzawadia tulivibeba vyote kwenye ndege. Wageni hawaji. Huku mtu akitaka kukusalimia anaomba nafasi wiki mbili kabla, utadhani anakwenda kumwona mkuu wa wilaya. Navifuta vumbi tu.

3. Jengo zima lina chumba kimoja cha kufulia, na kila mtu ana siku yake. Siku moja nikakuta mashine yenye nguo za jirani yetu, Bibi Ingrid, imemaliza. Mzee, ni wewe uliyetufundisha kwamba mvua ikitishia unaanua na nguo za jirani. Nikazitoa, nikazianika, zilipokauka nikazikunja vizuri pamoja na zile za ndani, nikampelekea mlangoni. Alizipokea kwa vidole viwili. Kesho yake likabandikwa tangazo refu ukutani, na humo nilielewa neno moja tu: jina langu.

4. Jumapili nilipiga pasi sare za mke wangu. Hilo ningelivumilia. Lakini nilijikuta naimba. Mimi, mwanaume mwenye ng'ombe kumi na mmoja Misungwi!

Kwa hiyo naomba wazee watatu, pamoja na Mama Dorotea kwa ajili ya ukali, waje wamkumbushe Felicitas yale ya ukumbini. Akikataa, mnirudishe Usagara kwa magari yale yale, na matarumbeta yatangulie.

Wasalimie Ng'washi, Yakobo, kwaya nzima na majirani wote wanaoanuliana nguo.

Wenu, mikono ikiwa na povu,
Machibya

N.B. Barua hii imekaa mwezi mzima bila stempu. Wazee wasije Alhamisi, ndiyo siku yangu ya kufua. Wakija walete dagaa, maana Bibi Ingrid, niliyempelekea kidogo kumwomba radhi, amemaliza wote. Siku hizi anaingia kwetu bila miadi, na ndiye aliyenipendekeza kwenye kikao cha jengo: nimechaguliwa Mwenyekiti wa Kamati ya Chumba cha Kufulia. Wajumbe walikunywa chai kwetu, vikombe vikapata kazi. Jana Felicitas alirudi miguu imevimba, akala, akasema hata kwao Bukoba hajawahi kuona ugali uliosongwa hivi. Najua kwao wanakula ndizi, Mzee, lakini nimefurahi mpaka sasa. Hayo matarumbeta yaahirishwe.