Dakika Nne za Adivaram

Nyumba ya mwisho kabla ya kona ya kwanza,
Adivaram, chini ya mlima.
Jumapili, tarehe 3 Desemba.

Mpwa wangu Prajeesh, Mpangaji Mkuu wa Safari,

YAH: DAKIKA NNE NILIZOPANGIWA

Salamu nyingi, na natumaini joto la Kochi limewapungukia. Mimi mjomba wako, ndugu pekee wa marehemu mama yako, ni mzima wa afya, ila roho inaniuma. Jumatatu iliyopita nilifungua kundi la ukoo kwenye simu nikakuta jedwali la safari yenu ya siku sita: kwanza pwani hadi Kozhikode, kisha mlimani Wayanad, kisha Ooty. Nimelisoma mara tatu, mara ya tatu kwa miwani ya mkaza mjomba wako. Adivaram imeandikwa hivi: "kupita tu, dakika 4."

Prajeesh! Minnu wako ametimiza miaka mitatu na sijampakata hata mara moja. Namjua kwa picha tu, kama ninavyomjua mbunge wetu. Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, nawasilisha malalamiko yafuatayo.

1. Ufuo wa Kozhikode umepewa saa mbili. Duka la haluwa, dakika arobaini. Kima wa kona ya nne wamepewa robo saa, "kupiga picha". Sina ugomvi na kima. Ni majirani zangu, na mmoja wao anayo chupa yangu ya mafuta ya nywele mpaka leo. Lakini nauliza: kima walikufanyia nini? Walikubeba mgongoni kwenda shule siku za mafuriko? Wao ndio waliokuandikia barua ya kuomba chuo?

2. Kwetu, enzi za bibi yako, mpwa hakukata hata mwembe bila kumwuliza mjomba. Mjomba ndiye aliyekuwa hakimu, na ufunguo wa ghala ulikuwa kiunoni kwake. Siombi kurudishiwa hayo. Ghala lenyewe limeliwa na mchwa. Naomba nusu siku.

3. Mnalala Wayanad katika chumba kilichojengwa juu ya mti. Mkaza mjomba wako Thankamani alipoona picha alishika kiuno: "Jamani, hawa wamekosa nini hata wakalale na ndege? Si kuna chumba hapa, na godoro jipya halijavuliwa hata nailoni yake?" Kama shida yenu ni mti, ninao mfenesi uani. Nitaegemeza ngazi.

4. Hili ndilo zito. Leo asubuhi nilikwenda kwa Beeran muuza samaki. Akaniuliza mbele za watu, "Mzee Nair, nasikia mpwa wako anapita Jumamosi. Anakula kwako au anakupungia mkono?" Watu wakacheka. Ulimi uliponza kichwa, mpwa wangu: nikasema mtakaa siku tatu. Beeran akapiga makofi, "Basi nguru mzima nimekuwekea!" Sasa nguru ameagizwa, na muhogo umeshang'olewa. Moideen wa kibanda cha chai ameuliza mtoto anapenda maziwa ya moto au ya vuguvugu. Usiposimama, hutakuwa umenipita mimi peke yangu. Utakuwa umelipita soko zima, pamoja na nguru, ambaye hana kosa lolote.

5. Kwa hiyo nimechukua hatua. Nimeiomba halmashauri itujengee matuta matatu barabarani mbele ya geti langu. Wamejibu watakuja kupima baada ya uchaguzi. Kwa kuwa Jumamosi haingoji uchaguzi, nimezungumza na Varkey, dereva wa lori la mchanga. Lori la Varkey huharibika bila kuombwa. Safari hii litaharibika kwa kuombwa, kona ya kwanza, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Unajua mwenyewe: lori likikwama kona ile, magari hupanga foleni mpaka mlangoni kwangu, hakuna wa mbele wala wa nyuma. Mtashuka kunyoosha miguu, mtasikia harufu ya mchuzi, na mengine tutaongea ndani. Hili si tishio. Ni taarifa.

Naomba basi jedwali lirekebishwe kabla ya Alhamisi, lisomeke: Adivaram siku tatu, Ooty kupita tu.

Nisalimie mkeo Nimisha na wakwe zako wote, pamoja na yule mama wa kwenye simu anayewaelekeza njia. Mwambie akifika kwangu anyamaze. Thankamani anawasalimu. Beeran naye anawasalimu, na anauliza kama mnakula kichwa cha samaki.

Mimi mjomba wako, mwenye afya na hasira,
P. Chathukutty Nair
Mkuu wa Posta (mstaafu)

Tanbihi: Thankamani amesoma barua hii na amegoma kunipa stempu mpaka nikiri. Haya, nakiri. Mwezi wa Machi nilikuja Kochi kupimwa macho, nikafika mpaka chini ya ghorofa yenu. Mlinzi akaniuliza, "Mzee, unamtafuta nani?" Nikamwambia nimepotea njia, nikarudi zangu stesheni. Niliogopa mtoto akiniona atalia. Kwa hiyo sina haki ya kumdai mtu asimame. Varkey nimemwambia aliache lori nyumbani. Piteni salama. Ila nyumba yetu iko mkono wa kushoto mkipanda. Mketisheni Minnu upande huo, na kioo mkishushe.