Jinsi Patrobas wa Kayole Alivyoifufua Kompyuta Yake

Sogeeni, enyi wapangaji wa Kayole, nanyi mnaoanika nguo juu ya paa, zimeni redio mpate kusikia habari za Patrobas, Simba wa Ghorofa ya Nne, Mwimba Besi Asiyechoka, na vita alivyopigana Jumamosi moja mchana, akiwa amevaa kaptura na soksi, dhidi ya kompyuta ya kubeba ya zamani sana, nzito kama mtungi wa gesi. Nilikuwepo, nikala na chapati; atakayebisha na abishe peke yake.

Sababu ya vita ni hii. Kesho yake kwaya yetu ingekutana na kwaya ya Kware mbele ya askofu, naye askofu alikuwa ameomba wimbo wa marehemu mwalimu Job. Besi ya wimbo huo Job aliiimba mara moja tu, ikarekodiwa ndani ya kompyuta ile, kisha akaaga dunia kabla hajatufundisha. Patrobas pekee alikuwa naye siku hiyo, na alichokumbuka ni chai. Lakini aliapa mbele ya kwaya nzima kwamba sauti ya mwalimu iko salama kwake. Sasa sisi wanabesi tumejaa kwenye makochi yake, naye amebonyeza, na kioo ni giza tupu.

"Ee mashine," akanguruma, "wewe niliyekubeba kutoka soko la Gikomba nikiwa kijana mwenye shingo imara, wanihaini leo mbele ya wageni?"

Ndirangu, fundi viatu na bingwa wa kukata tamaa, ndiye aliyejibu.

"Buda, hiyo imekufa. Ita msee wa vyuma kuukuu aipime."

Patrobas hakumsikiliza. Akauvamia ukuta kwanza: akachomeka simu yake kwenye soketi ileile, simu ikaanza kuchaji, basi stima haikuwa na hatia. Akaikagua chaja, taa yake ya kijani inawaka, nayo akaiachilia huru. Akaigeuza mashine kifudifudi, akaing'oa betri tumboni mwake, na betri ilikuwa imevimba na kutoa ukoko mweupe.

"Tutapigana bila wewe," akaiambia, akaiweka dirishani. Akabonyeza tena. Giza.

Hapo Simba aliketi, akafuta jicho. Sioni aibu kusema kwamba hata mimi niliiweka chapati chini, kwa maana bila Job besi yetu ni mngurumo tu wa wanaume wenye njaa.

Ndipo akatoka jikoni mkewe Khavere, Malkia wa Vitambaa, aliyefumia kila kitu cha nyumba ile vazi lake: makochi, redio, friji, jagi, hata rimoti. Na kompyuta pia, miaka yote hiyo, ilikuwa imelala chini ya kitambaa chake cheupe.

"Baba Eve, umeangalia hapo kwa shimo ya chaja?"

"Mama, nimeuchomeka waya kwa mkono wa shujaa, ukaingia nusu, nikausihi."

"Nusu? Chomoa. Leta tochi."

Tochi ikamulika. Ndani ya tundu palikuwa na uzi mweupe, umejisokota na kushindiliwa hadi mwisho. Sote tuliutambua, na hakuna aliyethubutu kutazama kitambaa. Patrobas akafungua kinywa, na hapa ndipo ushujaa wake ulipoonekana hasa, kwa maana alikifunga.

Khavere akatoa sindano ya kroshia mfukoni mwa aproni, akaiingiza taratibu, akavuta. Uzi ukatoka mrefu, una vumbi.

"Sijui hii imetoka wapi," akasema, bila kumwangalia mtu.

"Panya," akasema Patrobas.

Tukakubaliana wote kwamba panya wa Kayole ni wabaya sana.

Chaja ikarudi, ikaingia yote. Patrobas akabonyeza. Feni ikakohoa, kioo kikawaka kijivu, tukangoja mpaka chapati zikaisha. Kisha akaifungua rekodi, spika ikakwaruza, na sauti ya Job ikatoka, kali vilevile.

"Patrobas, wacha kupiga miayo. Hii besi naimba mara moja pekee, na ni wewe nitauliza."

Patrobas akasimama wima na soksi zake, machozi yanamtoka.

"Ndio, mwalimu," akasema, akaimba naye.

Basi ikumbukwe Kayole yote, ghorofa kwa ghorofa: siku ile kompyuta ilifufuka, marehemu akafundisha, panya asiyekuwepo akabeba lawama, na Patrobas, kwa mara ya kwanza katika historia ya kwaya yetu, alifika mwisho wa wimbo bila kupiga miayo.