Umeme wa Upepo kwa Mashua ya Mzee Okumu

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, tena mbele ya watu wa kwetu. Nawaandikia nyinyi mlioko Kisumu mapema, kabla hamjasikia kwa wambea.

Mzee Okumu, seremala wa hapa Dagoretti Corner, anaunda mashua ya kubeba abiria huko kwenu ziwani; ikiisha itapelekwa kwa lori. Haina injini, ni tanga tu, lakini mzee anataka taa. Nikamwambia aniachie mimi. Nikachukua dainamo ya gari kuukuu, nikaifunga mabawa ya mbao, nikaipandisha juu ya mlingoti. Upepo uzungushe mabawa, betri ijae, taa ziwake. Akiridhika, ningekuwa fundi wake wa umeme kwa kila mashua atakayounda.

Nilikuwa na hakika mno hata asubuhi nikapita gereji ninakofanya kazi, nikamtupia tajiri ovaroli yake mezani.

"Tafuta mtu ingine ya kulala chini ya gari!"

"Sawa," akasema, wala hakuinua uso kwenye chai yake. (Hilo liliniuma. Miaka yote ile, asinibembeleze hata kidogo!)

Mchana watu wakajaa kwa Mzee Okumu. Upepo nao ukagoma. Hata nguo kwenye kamba ya jirani hazikutikisika. Nikajikaza kiume, nikaunganisha waya zangu.

Lo! Mabawa yakaanza kuzunguka! Taa ikawaka! Watu wakapiga makofi, wengine wakaniita injinia.

"Lakini fundi," Mzee Okumu akauliza, "hii upepo inatoka wapi? Mimi siisikii."

"Mzee, hii mashine ni kali. Kuku akipiga miayo tu, inazunguka." (Mdomo huu!)

Hapo ningenyamaza. Sikunyamaza. Nilitaka wajue kwamba ule ni umeme wa upepo mtupu, si wa betri.

"Tazameni!" Nikachomoa waya wa betri.

Mabawa yakasimama. Taa ikazimika.

Ndipo nilipokumbuka katauti, kile kidude kinachozuia umeme wa betri usirudi kwenye dainamo. Nilikuwa nimekiacha nje kwa ujuaji wangu, nikidai kinapunguza chaji. Kumbe upepo haukuzungusha kitu. Betri ndiyo iliyokuwa ikizungusha mabawa, huku ikijimaliza!

Mzee Okumu akaunyoshea mlingoti kidole.

"Sasa fundi, mimi nilitaka umeme. Wewe umenitengenezea feni."

Walicheka mpaka wengine wakakaa kwenye maranda. Waliocheka zaidi ni wale wale waliopiga makofi. Nikaeleza kwamba kosa ni dogo, nitie katauti, tungoje upepo. Nani anisikilize? Mzee alikuwa ameshaamua kutumia taa za mafuta.

Jioni nikarudi gereji, mkia nimeufyata. Tajiri alikuwa bado na chai yake.

"Nasikia wewe iko fundi ya feni," akasema. "Ile ya ofisi imekufa."

Nimeitengeneza. Inazunguka vizuri sana. Mkitaka kucheka, chekeni huko huko Kisumu.