Mama Aliyewekwa Kundi B

Kwa Mwalimu Mkuu, wewe uliyekabidhiwa watoto wetu,

Kuhusu: Ombi la kuondolewa Kundi B

Natumaini u mzima, wewe na walimu wote. Sisi hapa ni wazima, isipokuwa mimi, na ndiyo sababu ya barua hii. Kazi yangu ni fundi cherehani na shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo ukikuta sentensi imekaa upande, inyooshe tu uendelee.

Mimi ni mama wa yule binti wa kidato cha mwisho, mrefu, anayetembea na mafaili kama karani wa mahakama. Mwaka huu mmesema kila mwanafunzi afanye utafiti wake mwenyewe, atunge swali na kulijibu bila kusaidiwa na mtu. Ni jambo jema. Wenzake wamechagua vitu vinavyokaa kimya. Mmoja anapima kutu kwenye misumari, mwingine anahesabu siafu. Wangu amechagua sisi. Swali lake ni kama mtu akiambiwa asante anafanya kazi zaidi. Jibu nilikuwa nalo, ila hakuniuliza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu fomu. Aliniletea karatasi tatu nikiwa natia zipu kwenye gauni, pini zimenijaa mdomoni, akasema mama weka sahihi hapa, hapa na hapa. Karatasi za shule mimi huwa natia sahihi tu, maana miaka yote zimekuwa za chanjo na ziara. Kumbe ya kwanza nimekubali, kama mzazi, mwanangu afanye utafiti. Ya pili nimekubali, kama mshiriki, nifanyiwe utafiti. Ya tatu nimeshuhudia kwa macho yangu kwamba mshiriki alielezwa na akaelewa. Mwalimu, huyo mshiriki mimi sikumwona akielewa chochote.

2. Kuhusu kura. Aliigawa nyumba makundi mawili kwa vikaratasi ndani ya kikombe. Kundi A wanaambiwa asante kwa kila wanachofanya. Kundi B hawaambiwi asante, hata wafanye nini, wiki sita nzima. Kundi A wakatoka baba yake na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye tangu mwaka juzi anatafuta kazi akiwa kwenye kochi letu. Kundi B tukatoka mimi na mama mkwe. Niliposema kura irudiwe, binti akanijibu kuwa sayansi hairudii kura kwa sababu kuna mtu amenuna.

3. Kuhusu shemeji. Siku ya kwanza aliinua miguu nipate kufagia, akaambiwa asante. Yule mtu alishtuka kama amemwagiwa maji. Kesho yake akafagia mwenyewe. Leo hashikiki. Amefagia mpaka ngazi za jirani, amepanga vijiko kwa urefu, na Jumanne alipiga pasi suruali ya mteja ambayo ilikuwa bado haijawa suruali. Vilikuwa vipande vinne vya kitambaa. Kavikunja vizuri, kaviweka kabatini kwa kaka yake. Mteja amekuja mara mbili kuulizia. Mara zote mbili shemeji alimpa kiti, na kwa kile kiti akashukuriwa.

4. Kuhusu baba yake. Huyu ni mtunza ghala, mtu wa hesabu. Amegundua kuwa asante inatolewa kwa safari, si kwa uzito. Basi ndoo ya maji ya kuoga sasa anaijaza kwa kikombe, kutoka bombani hadi bafuni, na kila kikombe anasimama mlangoni kusubiri. Ndoo moja, asante ishirini na mbili. Mama mkwe ameoga Jumatano kwa maji aliyoanza kuyasubiri Jumanne.

5. Kuhusu huyo mama mkwe. Miaka kumi na tisa tumeishi vizuri kwa kutozungumza sana. Sasa shida imetuunganisha. Tunaingia jikoni, tunarudisha mlango, yeye ananinong'oneza asante mwanangu kwa chai, na mimi namnong'oneza asante mama kwa kuchambua mchele. Binti akatufuma. Alituandikia onyo, tena lina tarehe, kwamba washiriki wa Kundi B wanachafua data. Bibi wa miaka sabini na nne! Mtu anayefuta meza kabla na baada ya kuifuta! Onyo lake amelificha chini ya mto na hataki kulizungumzia.

6. Hili ndilo linaloniuma. Wiki sita ziliisha. Siku ile nilivaa gauni la kutokea, nikakaa sebuleni kama mtu anayesubiri mgeni. Binti akarudi kutoka shule, akapita moja kwa moja hadi chumbani, kanuna. Alikuwa amepeleka michoro yake kwa mwalimu wa utafiti. Mstari wa baba yake unapanda. Wa shemeji umepanda mpaka umetoka nje ya karatasi. Wa mama mkwe unashuka, na anasema ni kwa makusudi. Wangu umenyooka tu, toka mwanzo mpaka mwisho. Niliamka saa zile zile, nikapika vile vile, nikashona idadi ile ile, kama vile sikuona tofauti. Mwalimu wenu akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: Binadamu hawi hivi. Mshiriki huyu arudiwe wiki sita.

Mwalimu Mkuu, tofauti niliiona. Niliiona kila siku. Ila nguo za watu hazikuwa na kosa.

Sasa sikiliza. Zimebaki wiki saba amalize shule aende chuo, na chuo kiko mbali. Wiki sita ni za Kundi B. Iliyobaki ni ya mitihani, na wakati wa mitihani huyu mtoto hata ukimpitishia tembo mbele hamwoni. Kwa hiyo niliyemlea miaka kumi na minane atatoka mlangoni, sanduku nimembebea mimi, na kwa kanuni zenu asiniambie kitu. Siombi sifa. Nataka nilisikie hilo neno mara moja tu, wakati bado analala chumba cha pili.

Naomba basi mfanye mojawapo ya haya:

(a) Nihamishiwe Kundi A, na shemeji aje B. Kochi linamkumbuka.

(b) Ikishindikana, mnitafutie mama mwingine wa kulingana nami kwa umri na uzito, akae hapa wiki sita bila kuambiwa asante, nami nikae kwake niambiwe. Vipimo vyangu nimeviambatisha. Cha kiuno usikitangaze.

(c) Ikishindikana hata hilo, uje wewe mwenyewe, Mwalimu. Overloki, ile mashine ya kushonea kingo za nguo zisichanike, nitakufundisha kwa siku mbili. Mimi nitakukalia ofisini kwako, maana nimeshaona pale kila mzazi akiaga anakushukuru, hata aliyekuja kugomba.

Niishie hapa. Nisalimie walimu wote, karani, mlinzi wa getini na wapishi. Mwalimu wa utafiti naye msalimie, ila kwa kifupi. Baba yake binti anakusalimu, shemeji anakusalimu na anauliza kama shule ina uwanja unaohitaji kufagiwa. Na wewe, asante kwa kunisoma mpaka mwisho. Umeona? Wala haijanichosha.

Ni mimi,
Mama yake, fundi cherehani

Nyongeza: Barua zangu binti huwa anazisoma kwanza anirekebishie herufi. Hii nayo aliketi nayo kwenye stuli yangu, penseli mkononi, akawa ananicheka na kufuta. Alipofika kwenye zile wiki saba, penseli ikasimama. Kisha akainuka, akanikumbatia shingo kwa nyuma nikiwa mashineni, akalisema. Tena si mara moja. Alilisema kwa ajili ya mambo ambayo mimi mwenyewe nilishayasahau, mengine ya tangu chekechea. Nimelia mpaka nimelowesha kola ya mtu.

Kwa hiyo maombi yangu nayafuta yote. Niacheni Kundi B, hizo wiki sita nazimudu, hata mkizifanya kumi. Shida ni kwamba mwalimu wa utafiti akijua, kazi ya mwanangu imeharibika, na muda wa kuanza upya haupo. Kuichana barua siwezi, binti anasema nayo ni data, itakwenda kwenye kiambatisho. Basi chukua mkasi, Mwalimu Mkuu, ukate chini ya jina langu, taratibu, usiende upande, na kipande hiki ukichome. Mtu yeyote akikuuliza, mwambie kwamba kisayansi mimi bado sijashukuriwa.