Vita vya Luhaga na Kibaraza cha Mashine

Jirani yetu Mektilda, mkaanga maandazi, mwenye ulimi usiojua kituo, anadai kwamba siku ile Luhaga mwana wa Bundala alipaa. Anasema baiskeli iliinuka mbele ya mashine ya kusaga pale Nkololo kama korongo anayeiaga mbuga, ikapita juu ya bati, kivuli chake kikawafunika watu, na mbuzi wawili wakakata kamba kwa hofu. Anasema aliona kwa macho yake mwenyewe. Nami nasema wakati ule Mektilda alikuwa amewapa watu wote mgongo, anageuza maandazi yasiungue.

Basi tueni magunia yenu, enyi wachambua pamba. Enyi wa Ipililo mliokwisha kupalilia nanyi ambao bado, enyi wa Kalemela mnaonuka dagaa hata siku ya Jumapili, enyi wachungaji wa Nkololo mnaowajua ng'ombe wenu kwa majina na wake zenu kwa kikohozi: sogeeni, kaeni, nyamazeni. Nitawasimulia vita vikuu vilivyopiganwa baina ya mtu na kibaraza. Mimi ni Nyanjige, dada wa shujaa mwenyewe. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo kazi yangu imekuwa kulima na kuangalia. Na mwenye kuangalia huona mengi ambayo wenye kushangilia huyakosa.

Kwanza ijueni silaha. Nyumbani kwetu palikuwa na baiskeli moja, nyeusi, bomba lake la juu nene kama mkono wa mwanaume: Mbeba-matenga, Mvuka-matope, Punda-asiyekula. Juu ya karia yake nilikuwa nafunga matenga mawili ya nyanya kwa kamba za mpira, naisukuma hadi mnadani, na wakati wa kurudi inabeba chumvi na sabuni. Na siku moja ilimbeba bibi yetu hadi zahanati, ameketi upande, ameshika mwavuli, anawaitikia watu salamu kama malkia aliyetoka kutembelea nchi yake. Haikulalamika. Iliishi kama waishivyo wote wenye kufanya kazi, bila sifa.

Lakini Luhaga, mdogo wangu, alikuwa na simu. Ndani ya simu hiyo akamwona kijana wa Ulaya, kofia ngumu kichwani, anarukaruka na baiskeli juu ya kuta za watu, juu ya vyuma vya ngazi, juu ya mabenchi ya kukalia, kana kwamba ardhi imempiga marufuku. Luhaga akatazama, akarudia kutazama, hata bando likafia mikononi mwake. Kisha akasimama katikati ya uwanja wetu, mkono kifuani, akawahutubia kuku:

"Nitaunda baiskeli ya kila mahali! Itapanda ngazi, itavuka mtaro, itasimama juu ya ukuta, itageuka mahali padogo kama sinia. Haitauliza njia iko wapi, maana kila itakapokanyaga, hapo ndipo njia!"

Kuku wakaendelea kuparua.

Ndipo yakafuata mauaji. Luhaga alishika spana kama wengine walivyoshika mikuki siku za wizi wa ng'ombe. Ikaanguka kengele. Yakaanguka madigadi, la mbele na la nyuma, ndugu wawili waliokufa pamoja. Ikaanguka stendi. Ikaanguka siti, kwa maana shujaa hakai. Na mimi niliporudi kisimani na ndoo kichwani, nikaikuta karia yangu imelala kwenye majivu ya jana, miguu juu.

"We Luhaga, nani amefungua karia?"

"Dada, unaniletea habari za karia wakati mimi nina habari kubwa? Karia ni uzito. Uzito ni adui."

"Na nyanya zangu nazo ni adui?"

"Nyanya ni mambo ya jana. Mimi naunda kesho."

"Hiyo kesho itakula nini?"

Akanijibu kwa kufungua nati nyingine.

Kisha akaikokota maiti ile hadi kwa fundi Mahona, mchomelea vyuma karibu na ghala la pamba, mzee ambaye hakuna baiskeli ya mzigo katika kata yetu isiyo na kovu la mkono wake. Luhaga akamwagiza kama mfalme aagizavyo jumba: fremu ikatwe, ifupishwe, ilale chini, usukani upanuliwe na kuinuliwa kama pembe za dume la kundi, gia ya mbele itolewe, iwekwe ndogo ya baiskeli ya mtoto, ili pedeli ikikanyagwa mara moja tu baiskeli iruke. Na zaidi ya yote, iwe nyepesi.

Mahona akavua miwani yake myeusi ya kuchomelea.

"Kijana, nilianza kuchomelea baiskeli baba yako akiwa bado na nywele. Zilizotoka hapa zimebeba pamba, zimebeba mkaa, zimebeba kitanda na mwenye kitanda akiwa juu yake. Hii itabeba nini?"

"Mimi tu, fundi."

"Wewe tu?"

"Mimi tu."

Mahona akampima kuanzia kandambili hadi utosini, kama mtu aliyeonyeshwa ndama mgonjwa akaambiwa ndiyo mahari, akamwonea huruma. Akakata, akafupisha, akapindisha pembe. Lakini mkono uliozoea kuimarisha vitu hauwezi kutoa kitu dhaifu machoni pa watu. Baiskeli bila nondo! Kwake ilikuwa sawa na kumwachia mwanawe atoke nje bila suruali. Basi Luhaga alipokwenda kuchaji simu, mzee akaweka nondo chini ya bomba la juu. Akaweka nyingine nyuma. Akaona pembeni pamebaki uwazi, akaupiga bati nene. Akapaka rangi nyekundu juu ya dhambi zote.

"Fundi! Nilisema nyepesi!" Luhaga alilia aliporudi.

"Utanishukuru siku ya kubeba mahindi," akasema Mahona, akarudisha miwani usoni.

Hivyo ndivyo silaha iliyovuliwa karia, siti na kengele ili iwe nyepesi ilivyorudi nyumbani nzito kuliko ilivyoondoka. Luhaga akaiandika ubavuni kwa rangi nyeupe, TAI WA SIMIYU. Nikaitazama sana. Tai yule alikuwa amemeza reli.

Bado yalibaki matayarisho ya siri. Katika simu alikuwa ameona kwamba rimu hupakwa lami ili breki zing'ate. Akaenda kubandua vipande kando ya barabara ya Bariadi, akaviyeyusha katika sufuria ya mama, sufuria ya mlenda, akapaka. Na kweli breki zikang'ata! Ziling'ata kwa kilio ambacho mbwa wa kijiji kizima walikiitikia, na mama, aliyekuwa ameinama anatafuta sufuria yake, akadhani kuna msiba.

Sasa adui. Mbele ya mashine ya kusaga ya mzee Januarius pana kibaraza cha saruji. Kimo chake ni kimo cha jogoo aliyesimama. Wanawake wa Nkololo hukipanda na debe kichwani na mtoto mgongoni bila kukatiza umbea. Luhaga angeweza kuchagua mwamba, na kwetu miamba haikosekani. Lakini miamba haina foleni ya watu wanaosubiri unga, na shujaa hapigani mahali pasipo na macho.

Akashambulia. Siku baada ya siku alikuja kwa kasi kutoka upande wa duka la pembejeo, akavuta pembe, gurudumu la mbele likapanda, na la nyuma, pamoja na nondo zote za Mahona, likagonga ukingo wa saruji kwa kishindo cha mchi, mguu ukashuka chini, na wanawake kwa sauti moja wakasema, "Pole!" Kwa kila pole, kipande cha kibaraza kilimeguka. Mzee Januarius alikuwa akitoka ndani, mweupe kwa unga kama mzimu:

"We kijana! Saruji hiyo niliinunua, haikuota!"

"Mzee, unashuhudia historia!"

"Ninashuhudia hasara!"

Na mimi katika siku hizo? Mimi nilikwenda mnadani na tenga moja kichwani. La pili lilibaki nyumbani, likalainika, likapewa nguruwe. Nilivumilia mnada huu na ule uliofuata. Kisha nikapiga magoti mbele ya baba nikasema: baba, au nirudishiwe baiskeli, au niache kulima nyanya, maana silimi chakula cha nguruwe.

Baba yetu Bundala ujanani alicheza ngoma za mashindano, na hadi leo hajakutana na ugomvi ambao hakutaka kuugeuza shindano. Akanyoosha fimbo yake ya kuchungia na kutoa hukumu:

"Sikilizeni, wanangu. Kabla ya mnada ujao, mbele ya watu, Luhaga atakipanda kile kibaraza. Mara moja tu. Akifika juu bila mguu wake kugusa chini, baiskeli ni yake, na mtu asije kunililia hapa. Ukigusa, hata kidole, anarudisha karia, siti, kengele na kila nati, na haigusi tena. Mwangalizi wa mguu ni Nyanjige."

"Baba! Huyo si ndiye adui yangu?"

"Ndiyo maana ataangalia vizuri."

Ikafika siku. Watu walijaa kama siku ya kugawa mbegu. Mahona alikuja amevaa shati la kanisani, kwa kuwa kazi yake ilikuwa inapimwa. Luhaga akaupapasa usukani, akasema kwa sauti ya kusikika hadi mbugani:

"Enyi watu wa Nkololo! Mliniita mwendawazimu. Leo mtaniita nani?"

"Mwendawazimu!" wakajibu, kwa upendo.

Mimi nililala kifudifudi kando ya kibaraza, shavu kwenye vumbi, jicho usawa wa kandambili zake. Sikupepesa. Karia yangu, matenga yangu, shingo yangu iliyochoka, vyote vilikuwa vinaning'inia kwenye mguu wa kulia wa mtu mmoja.

Akaja. Tai akanguruma. Akavuta pembe, gurudumu la mbele likapanda, breki zikalia kilio chao, na mwili wa shujaa ukasimama hewani, nusu juu na nusu chini, unatetemeka kama ndama anayejifunza kusimama. Mguu wa kulia ukaachia pedeli. Ukashuka. Ukashuka tena. Nikaona kisigino kilivyopasuka, nikaona kivuli cha kisigino kinakaribia kukutana na kisigino. Kati ya kandambili na nchi palibaki nafasi ya kupitisha bua la mtama.

Ndipo gurudumu la nyuma likagonga mahali pale pale lilipogonga siku zote. Ukingo uliokuwa umeliwa kidogo kidogo kwa mashambulizi yote yale ukakubali kufa. Saruji ikaporomoka, vumbi likatimka, pakawa mteremko mpole ambao hata bata angeupanda akifikiria mambo mengine. Uzito wa nondo za Mahona ukaisukuma baiskeli, mguu ukarudi kwenye pedeli, na Luhaga mwana wa Bundala akajikuta juu. Nawaambia kweli, enyi mnaosikiliza: hakupanda mtu. Kibaraza ndicho kilichoshuka.

Nyuso zote zikanigeukia.

"Nyanjige," akasema baba. "Mguu?"

Mjue kwamba vumbi lilikuwa zito. Hakuna mwingine aliyeona. Neno moja dogo, na karia ingerudi mahali pake kabla jua halijazama; na hakuna mtu chini ya mbingu ambaye angenibishia, hata Luhaga mwenyewe, ambaye alikuwa amefumba macho. Nikalishika neno hilo mdomoni. Lilikuwa tamu. Lakini kila kitu changu kilikwisha kufunguliwa kwa spana ya mtu mwingine, yamebaki macho haya tu. Nikisema yameona kisichokuwepo, nitakuwa nimeyafungua mwenyewe.

"Haukugusa, baba."

Lo! Vigelegele, filimbi, kofia juu. Mahona akapigapiga nondo zake kwa kiganja, akilia, anasema, "Mmeona? Haikupinda!" Mzee Januarius peke yake alikuwa amechuchumaa, anajaribu kurudisha kipande cha saruji mahali pake. Nayo iandikwe kwa vizazi vijavyo, kwamba katika mwaka huu wa pamba, kata ya Nkololo, mtu mzima mwenye afya njema alihama kutoka chini kwenda juu kidogo, akiwa amebebwa na chuma kingi kuliko geti la halmashauri, na taifa lake likamshangilia.

Nikainuka, nikajipangusa, nikamwendea hadi kwenye gurudumu la mbele. Watu wakanipisha, wakidhani naenda kumpongeza. Nami nikampongeza.

"Hongera, mdogo wangu. Baiskeli ni yako, nimesema mwenyewe na sirudi nyuma. Sasa kesho ni mnada. Matenga mawili yamejaa, nyanya zimeiva zote kwa pamoja, hazitangoja. Naomba uifunge ile karia asubuhi tu, unipelekee mzigo, kisha uifungue. Unanisikia, Luhaga? Asubuhi tu."

Shujaa alikuwa amesimama juu ya pedeli, kidevu juu, vumbi la ushindi kwenye nyusi. Alikuwa anatazama juu ya kichwa changu, ng'ambo ya barabara, kwenye ngazi za ghala la pamba. Na midomo yake ilikuwa inazihesabu.