Mfumo wa Nyumba Nane

Jumatatu, 9 Juni

Leo nimeamua kuwa mtu mkubwa. Nimechelewa kidogo, nina miaka thelathini na mmoja, lakini uamuzi ni uamuzi.

Habari yenyewe ni hii. Mwalimu Amondi, anayeongoza kwaya ya kanisa letu hapa Kambi Muru, ana nyimbo mia sita kwenye kanda za zamani. Zimejaa kelele. Mbwa, mvua juu ya mabati, kiti kinachoburutwa katikati ya sala. Anataka zisafishwe kwa kompyuta kabla ya Jumapili, kwaya itakapotimiza miaka thelathini. Na kazi alitaka kumpa nani? Gikonyo wa Kawangware! Yule mwenye kompyuta moja yenye bongo kumi na sita za kupiga hesabu kwa pamoja ndani ya sanduku moja. Anaisifu utadhani ameizaa.

Na Makau yuko huko kwake. Makau tumetoka naye Kitui. Tumekaa chumba hiki miaka minne. Mwezi wa pili akabeba godoro lake akaenda kufanya kazi na Gikonyo. Alisema hapa kwangu hakuna kazi, kuna mipango tu. Nikamwambia nitaunda mfumo utakaomshinda Gikonyo. Akacheka, akasema nikiweza atarudi siku hiyo hiyo.

Alisema kwa mdomo wake. Upande wake wa chumba bado uko wazi. Niliweka ndoo pale, nikaitoa.

Nimemwomba Mwalimu Amondi anipe nafasi. Akaniangalia sana. Akasema haya, atatupa sote nakala, atakayemaliza kwanza ndiye. Nikaapa kumaliza Ijumaa. Sijui ni nani aliyeniambia niseme Ijumaa.

Jumanne, 10 Juni

Soko la Toi. Nimerudi na simu nane zilizopasuka vioo. Muuzaji aliniuliza kama ninafungua makaburi.

Hajui lolote. Sanduku la Gikonyo likifa, kila kitu kimekufa. Mimi natawanya kazi. Simu nane, kila moja inachukua wimbo, inausafisha, inachukua mwingine. Moja ikizima, saba zinaendelea. Hii ndiyo akili ya siku hizi.

Tatizo: chumba changu kina soketi moja. Na simu nane zikichemka pamoja humu, nitaiva kama chapati. Kwa hiyo zikae kwa majirani. WiFi yangu inafika ploti yote. Nimebisha milango minane. Sikuwa nimebisha mlango wa mtu tangu Makau aondoke, yeye ndiye aliyekuwa mtu wa watu. Opondo fundi viatu, mlango wa tatu, alinikaribisha kwenye ploti. Ati nimehamia lini? Miaka minne, Opondo! Ngina, anayeuza maji kwenye mfereji wa mbele, alimuulizia Makau kabla hata ya kunisalimia.

Wote wamekubali. Nimewaahidi majina yao yatasomwa kanisani.

Jumatano, 11 Juni

Hesabu tamu. Simu moja inasafisha wimbo kwa dakika nne. Nyimbo mia sita ni masaa arobaini. Gawanya kwa nane. Masaa matano! Gikonyo atalia.

Ili simu mbili zisishike wimbo mmoja, nimeweka daftari moja ndani ya laptop yangu. Kila simu lazima iandike humo kila hatua inayopiga. Nataka kujua yote. Na moja ikiandika, nyingine zote zinangoja. Nidhamu, bana.

Nimezunguka kukagua. Opondo ameilaza simu yake juu ya kitambaa cheupe, amemfukuza paka. Alinimiminia chai, akataka tupige stori. Nikamwambia niko kazini.

Ngina aliuliza hizo simu zinafanyaje. Nikamweleza kwa upole, nikiwa nimeegemea mfereji wake, foleni ya watu ikinisikiliza. Akauliza daftari ni ngapi. Nikasema moja. Alicheka mpaka akafunga maji. Ati mitungi minane, mfereji mmoja, na mimi nafikiri nitateka haraka? Foleni nzima ikacheka. Nikamwambia hii ni sayansi. Watu wa maji waongee mambo ya maji.

Alhamisi, 12 Juni

Nimewasha. Simu mbili: vizuri. Simu nne: hm. Simu nane: wimbo mmoja kila dakika saba!

Yaani nane pamoja zinashindwa na moja peke yake. Haiwezekani. Lazima kuna mtu anachomoa.

Nimemshuku Opondo, kwa sababu ya ule ukarimu wake. Nikaenda kumuuliza mbele ya wateja kama amechomoa simu yangu kuchaji yake. Hakukasirika. Alinionyesha tu: simu iko palepale kwenye kitambaa, na yeye tangu asubuhi hajafungulia redio asije akaisumbua. Nikamwambia aendelee hivyo hivyo. Ningeomba msamaha. Mdomo haukufunguka.

Dawa nimeipata: nguvu kazi haitoshi. Mbio hadi Toi, simu nne zaidi. Muuzaji sasa ananiita kwa jina. Nikazipachika kwa majirani wanne kati ya wale wale, sasa wana mbili mbili. Simu kumi na mbili!

Wimbo mmoja kila dakika kumi na tano.

Ijumaa, 13 Juni

Nyimbo mia moja na sita. Nimezihesabu mara tatu.

Makau ameandika WhatsApp: niaje, umefika wapi? Ujumbe wa kwanza tangu Pasaka. Nimejibu kwamba namalizia. Akatuma kidole gumba. Nimekiangalia kile kidole muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mtu mzima.

Mchana Ngina alibisha. Amepika muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, ati umekuwa mwingi. Nikamwambia kupitia dirishani aweke mlangoni, nina shughuli. Alisimama kidogo, kisha nikasikia sahani ikiwekwa chini. Niliula ukiwa umepoa. Mtamu, wa nyumbani kabisa. Machozi yakatoka. Nikasema ni moshi, ingawa hapakuwa na moshi, wala mtu wa kumwambia.

Nina upweke. Haya, nimeandika. Sasa turudi kazini.

Jumamosi, 14 Juni

Saa tatu asubuhi Mwalimu Amondi alipiga simu. Gikonyo alimaliza jana. Mwalimu akanishukuru kwa moyo wangu. Mtu akikushukuru kwa moyo, jua mikono yako haikufanya kitu.

Saa nane mlango ukagongwa. Makau! Na begi begani. Amekonda. Hakunicheka. Alikaa chini upande wake, palepale pake, akaomba laptop.

Dakika kumi tu. Akasema kosa si simu, wala si majirani. Simu zote kumi na mbili zinapanga foleni kwenye daftari langu, hazina nafasi ya kufanya kazi. Akazigawia nyimbo mapema, kila moja na daftari lake, tukusanye mwishoni. Akabonyeza.

Aki ya nani, zilipaa! Wimbo kila sekunde ishirini. Nyumba zote nane zinachapa kazi kwa wakati mmoja, na hakuna anayemngoja mwenzake. Tulisimama kama watu wanaotazama mpira. Makau akanipiga ngumi ya bega. Nikacheka, yeye akacheka. Ilikuwa kazi ambayo hakuna mtu aliyeihitaji tena, na sikumbuki lini nilifurahi hivyo.

Kisha akaniambia, akiangalia begi. Kawangware kazi iko, lakini mazungumzo hakuna. Gikonyo anavaa vile vitu vya masikio kutoka asubuhi hadi jioni. Akauliza kama huu upande una mtu.

Moyo ulisema hauna, hauna, kaa! Lakini nikafikiria. Yeye alisema atarudi nikimshinda Gikonyo. Sijamshinda. Mtu akirudi hivyo ni huruma, na mimi si wa kuhurumiwa. Nikamwambia asubiri. Wiki mbili, mfumo mpya, nimshinde Gikonyo halali, ndipo arudi kwa heshima. Akasema, Nzomo, ule ulikuwa utani. Nikamwambia kwangu haukuwa utani.

Aliinuka. Akachukua begi. Nilitaka kumsindikiza, akasema hakuna haja.

Nadhani ameniheshimu.

Jumapili, 15 Juni

Nyimbo za Gikonyo zimepigwa kanisani. Safi, lazima nikubali. Watu walilia. Opondo alikuja na shati lililopigwa pasi, akakaa mbele. Ni wa kanisa lingine kabisa. Alingoja jina lake mpaka baraka ya mwisho. Nilitoka kwa mlango wa nyuma.

Jumatano, 18 Juni

Nimegundua kosa langu! Ni mimi. Kwa nini mbunifu wa mfumo azunguke ploti akigonga milango, akimiminiwa chai? Huo ni upotevu. Mfumo mpya unajiangalia wenyewe. Kila sekunde kumi, kila simu inaniletea neno kwamba iko hai, pamoja na jina la mwenye nyumba. Sina haja ya kutoka humu.

Opondo aliuliza kama nitapita leo, maji ya chai yako jikoni. Nikamweleza kwamba teknolojia imetuondolea shida hiyo. Akasema sawa.

Ngina naye jana alikuwa na habari: Makau ameacha kulala Kawangware, amepata chumba mtaa wa Raila na jamaa mmoja anaitwa Kevin. Dakika kumi kwa miguu. Akaniambia niende, nisiwe mjinga, nimbebee hata mkate. Mkate! Nimefanya jambo la maana zaidi. Nimechukua simu moja nzuri, nikaitia bando, nikampa Ngina ampelekee, na maagizo kwenye karatasi: chomeka, usiguse.

Ameichomeka. Bado ni rafiki yangu. Hakuandika neno, lakini naiona hapa kwenye kioo.

Makau: yupo.

Makau: yupo.

Makau: yupo.

Haijakosa hata mara moja. Nimeiangalia tangu asubuhi.